Hedfoni za Kumsikia Shemeji

Dada yangu hakulia. Naanza na hilo kwa sababu kila aliyekuja msibani alianza na hilo, na wengine mpaka leo hawajamaliza. Shemeji alifariki, akazikwa, watu wakala wakatawanyika, na muda wote yeye amekaa pale macho makavu, anapokea pole, anauliza kama maji ya wageni yametosha. Majirani wakanong'onezana kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu, subirini tu. Basi tukasubiri. Mimi nilihamia kwake kabisa, na begi langu na mashine yangu ya kukaushia nywele, nikalala chumba cha pili nikingoja kilio cha mtu kama unavyomngoja fundi bomba.

Hakikuja. Alirudi kazini kama anayetoka likizo. Kazi yake ni kupiga pasi kwenye dobi kubwa, ile inayofua mashuka ya hoteli, sare za wauguzi na mashati ya watu wa ofisini. Asubuhi anasimama mbele ya mashine, anakanyaga pedali, mvuke unafuka, anaanza na kola, kisha mikono, kisha mgongo, anatundika, anavuta jingine. Vidole vyake vimekomaa kwa moto. Anaweza kuugusa uso wa pasi na kukwambia moto haujafika. Jioni anarudi, tunakula, ananiuliza wateja wangu walikuwaje, anaingia kulala.

Mimi ni msusi. Kazi yangu ni vidole na mdomo, na mtu asiyeongea hunitoa jasho kuliko jua. Siku moja nikashindwa kujizuia, nikamuuliza, "Dada, lakini unajisikiaje?"

Akafikiri kweli kweli, kama anayetafuta ufunguo kwenye mkoba. Akasema, "Sijisikii."

Nikangoja amalizie sentensi. Kumbe alikuwa ameshamaliza.

Sasa niwaeleze kuhusu shemeji yangu, maana bila yeye hamtaelewa habari ya hedfoni. Mchana alikuwa fundi rangi, anapaka nyumba za watu. Jumamosi alikuwa mpiga gitaa la besi kwenye bendi ya watu wazima wenzake, wale wanaoanza kupiga wakiwa wamechelewa na kumaliza wakiwa wamechoka. Bendi ilirekodi wimbo mmoja uliofika mbali. Ulipigwa redioni msimu mzima, na harusini unapigwa mpaka leo. Dada alijivuna nao kuliko hata wenyewe bendi. Tatizo ni kwamba besi haisikiki kwenye simu, wala kwenye kile kiredio cha jikoni chenye ukubwa wa sabuni ya mche. Na harusini maspika yanaunguruma hivi kwamba unachopata ni kutetemeka kifua, si sauti. Kwa hiyo wimbo ukianza tu, Dada alikuwa anamchokoza mumewe.

"Haya baba, uko wapi hapo? Mbona sikusikii?"

"Niko chini, nimeshika nyumba."

"Nyumba gani isiyoonekana msingi?"

"Msingi huwa hauonekani, mke wangu. Siku ukipata kitu cha maana cha kusikilizia, utanisikia."

Na kila Dada aliposema basi tununue hicho kitu cha maana, Shemeji alimtuliza: tusubiri, nzuri ni ghali, na hizi za bei ya chini zitakuudhi tu. Hawakujaliwa watoto, walikuwa wawili tu na utani wao. Nilikuwa nikienda kuwatembelea narudi kwangu nikiwa na wivu, nasema ukweli.

Sasa, Ijumaa moja, miezi kadhaa baada ya mazishi, Dada alirudi na malipo yake ya saa za ziada. Akavua viatu, akaviweka sambamba, akasema, "Nataka kununua hedfoni. Nzuri."

Nilitaka kupaliwa. "Za nini tena?"

"Nimsikie."

Akakaa. Akanieleza taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia. Alisema ameangalia picha za mumewe zote, anaona ndiyo, ni yeye, basi. Amenusa mashati yake, yananuka sabuni ya kazini kwao. Amekwenda kaburini, ameona udongo. Sauti yake ya kuongea hana mahali. Hawakuwa watu wa kujirekodi. Kilichobaki ni ule wimbo, na ndani ya ule wimbo mumewe yumo ila hajawahi kumsikia.

"Na ukimsikia usijisikie chochote?" nikauliza. Mdomo wangu huu hauna breki.

"Basi nitajua nimekwisha," akasema, kwa sauti ileile ya kusema chumvi imekwisha.

Niliogopa. Tangu msiba sikuwahi kuogopa kama jioni ile.

Mama mkwe wake, anayekuja kila Jumapili kukagua majonzi yetu, aliposikia alishika kiuno. "Mjane na hedfoni! Mwanangu hajakauka kaburini, mwenzake anataka muziki. Kesho nitasikia amenunua viatu vya kuchezea."

"Ndiyo, Mama," alijibu Dada, akamwongezea chai.

Mtaa wa maduka ya simu uko nyuma ya soko. Kila duka lina spika inayopigana na spika ya jirani. Tuliingia kwa mmoja wanamwita Profesa, kwa sababu anavaa miwani na kila swali lako analijibu kabla hujamaliza kuuliza. Tukamwambia tunataka hedfoni za kusikia besi.

"Besi? Basi mmefika nyumbani!" Akatoa boksi lenye neno BESI limeandikwa kwa herufi pana kama paji la uso. Hedfoni zenyewe zilikuwa nyekundu, hazina waya, zinawaka taa pembeni. Akamvalisha Dada, akapiga wimbo wake yeye Profesa, kelele tupu, taa zikacheza. Bei ilikuwa ndani ya uwezo wetu. Na mimi, kwa kujifanya mjuzi wa mambo ya mjini, nikasema, "Dada, tunangoja nini? Si imeandikwa kabisa?" Tukanunua. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nimekaririshwa tangu shule, lakini nani anakumbuka ya shule akiwa mbele ya taa nyekundu?

Nyumbani alianza na wimbo mwingine wa zamani ili azoee. Alisikiliza kidogo, akazivua, akanipa. Kila kitu kilikuwa dum, dum, dum, kama jirani anapigilia msumari kwenye ukuta wa pamoja. Mwimbaji alikuwa anaimba kutoka ndani ya pipa.

"Hapa kuna ngoma inaumwa," alisema Dada. "Mtu akiwa chini ya hii, hatoki."

Kesho yake nilizirudisha mwenyewe. Profesa akaniambia mali ikishatoka dukani haijui njia ya kurudi. Nikamwambia mimi nasuka nusu ya wanawake wa mtaa huu, kila mmoja anakaa kwenye kiti changu saa nzima na masikio yake yako wazi, sasa achague mwenyewe nitawahadithia nini. Akavua miwani, akaifuta. Tukakubaliana: kurudisha hela hapana, kubadilisha ruhusa.

Lakini kubadilisha na nini? Hapo ndipo tulipokwama. Bahati ikatokea kulekule kwenye mashati. Dobi ina mteja mmoja, fundi sauti wa kituo cha redio, mtu mrefu mwenye mazoea ya kusimama dirishani akingojea shati lake lipigwe pasi palepale. Nilikuwa nimempelekea Dada chakula cha mchana, nikashuhudia ajabu: dada yangu, ambaye siku hizo maneno yalimtoka kama dawa ya macho, alimwuliza mteja swali lisilohusu wanga wa kola.

"Samahani kaka. Mtu mwenye hela ya kawaida, akitaka kusikia gitaa la besi vizuri, anunue hedfoni gani?"

Yule fundi alifurahi kama aliyeulizwa habari za mtoto wake. "Mlishanunua?"

"Zenye taa," nikasema kwa aibu.

Akacheka. "Debe tupu haliachi kuvuma. Boksi likijisifu besi, ujue wamejaza ngurumo mpaka inawafunika wengine wote. Besi ni sauti kama sauti nyingine, dada yangu. Ina mwanzo, ina mwisho. Ukiwa na hedfoni nzuri unaifuata noti kwa noti, hutetemeki."

"Na hela yangu si nyingi," alisema Dada, huku mkono unaendelea na shati.

"Ndiyo maana ununue za waya. Zile zisizo na waya, sehemu ya hela yako inakwenda kwenye betri na hizo taa. Za waya, hela inakwenda kwenye sauti. Simu yako ina tundu la waya?"

"Ni ya zamani."

"Una bahati, za kisasa wameziba. Sasa, chagua zinazofunika sikio lote, mto wake ukae sawasawa na kichwa. Pakibaki upenyo tu, besi inatoroka. Ziwe nyepesi, usije ukazivua kwa maumivu kabla ya wimbo kuisha. Nenda na wimbo wako unaoujua, usikubali kupigiwa wa mwenye duka. Na kila utakayoijaribu, sauti iwe kiasi kilekile. Inayopiga kelele zaidi siku zote utadhani ndiyo bora. Masikio yanadanganyika kirahisi." Akafikiri. "Ukipata yenyewe, utasikia mpaka vidole vya mpigaji vinavyokwaruza nyaya."

Pedali ikaachiwa. Mvuke ukakatika. Dada alisimama na shati la mtu mkononi.

"Hivyo vidole navijua," alisema.

Kwa sababu msimu mzima kabla bendi haijaingia studio, Shemeji alikuwa anafanya mazoezi nyumbani, ukingoni mwa kitanda, kila jioni, bila spika. Gitaa la besi lisilochomekwa kwenye spika ni kama mtu anayeongea peke yake: noti inasikika kwa mbali, kinachosikika hasa ni ule mkwaruzo. Dada alikuwa anapiga pasi nguo za nyumbani palepale, na ule mkwaruzo ukimuudhi mpaka anamrushia soksi. Kwa hiyo wimbo wenyewe aliujua kutoka chini, wakati sisi wengine tunaujua kutoka juu. Alijua Shemeji anapanda wapi, anasita wapi, anashuka wapi. Pale pa kusita, alisema, alikuwa anakunja uso kama amekanyaga kokoto.

Fundi sauti akamwuliza ni wimbo gani. Akaambiwa. Kesho yake alileta nakala safi, siyo ile iliyotumwa kutoka simu hadi simu mpaka ikachakaa. Akakataa kulipwa.

Tukarudi kwa Profesa. Safari hii Dada alivuta kiti, akakaa, akasema, "Lete zote za waya zinazofunika sikio." Akazikagua kama anavyokagua nguo inayoingia dobi. Anageuza mto, anaubonyeza, anaangalia mshono. Hii ngozi ya bandia itabanduka kwa jasho. Huu mshono utafumuka. Hizi zinabana, baada ya nyimbo mbili kichwa kitauma. Zilizopita ukaguzi wa mikono ndizo alizozivaa, na kila mara alipiga wimbo uleule wa bendi nyingine, sauti kiasi kilekile. Wimbo wa mumewe alikataa kuujaribia pale. "Sitamsikilizia dukani," aliniambia.

Nyingine zilikuwa na makali ya juu yanayochoma kama sindano. Nyingine zilikuwa tamu kwa mwimbaji lakini chini hakuna kitu. Profesa alianza kupiga miayo. Mwishoni Dada akaonyesha boksi lililokuwa juu kabisa ya rafu, limepigwa na vumbi, kona moja imebonyea.

"Hizo hazina sura, mama," alisema Profesa. "Zina waya mrefu kama wa kuanikia. Hata mimi sijui nilizileta za nini."

"Sizivai kwenda harusini."

Akazivaa. Akafumba macho. Alikaa hivyo mpaka wimbo wote ukaisha, mara ya kwanza kwa siku ile. Alipofumbua alisema tu, "Hizi." Waya ulikuwa wa kuchomoa na mito ya kubadilishika. Tukaongeza kidogo juu ya zile zenye taa, Profesa akatufungashia huku akilalamika kwamba wateja wa siku hizi wanataka kusikia, badala ya kuonekana.

Jumapili mchana, kabla mama mkwe hajafika, Dada alifunga dirisha la upande wa barabara, akakaa ukingoni mwa kitanda upande wa Shemeji, akachomeka waya. Mimi nilisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo mkononi, namtazama kama unavyotazama maziwa yaliyo jikoni. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, nilikuwa na bega.

Wimbo ukaisha. Akaurudia. Uso haukubadilika. Akaurudia tena, safari hii kichwa kimeinama upande, kama anayesikiliza iwapo mgonjwa anapumua. Halafu akazivua, akaniita.

"Vaa. Unasikia gitaa la juu, lile la solo?"

Nilisikia. Jamani, nilikuwa sijawahi kusikia muziki maishani mwangu, nilikuwa nasikia kelele. Mwimbaji alikuwa amesimama mbele yangu, namsikia anavyovuta pumzi. Gitaa la juu lilikuwa mkono wa kushoto, na vidole, kweli kabisa, vinakwaruza.

"Nasikia mpaka vidole!"

"Na besi?"

Nikaitafuta. Ilikuwa pale chini, mviringo, inatembea. "Naisikia! Dada, namsikia Shemeji!" Na mimi ndiye niliyelengwa na machozi, mimi ambaye hata sikuwa mke.

"Siye yeye," alisema Dada.

Nilivua upande mmoja. "Unasemaje?"

"Sikiliza vidole vya besi. Havipo. Gitaa la juu vipo, yake havipo. Hicho ni kinanda, mtu anabonyeza. Na hapa, ngoja, hapa," akanyoosha kidole hewani noti ilipofika, "hapa mume wangu alikuwa anasita. Huyu hasiti. Imenyooka kama mstari wa suruali. Hata kupanda hapandi palipo pake. Siye yeye."

Mimi hasira hunipanda kabla ya akili. Nikamwita marehemu mwongo, tena kwa sauti. Nikasema ndiyo maana kila siku tusubiri, nzuri ni ghali. Kumbe mtu alikuwa anajificha nyuma ya kiredio cha jikoni! Njia ya mwongo fupi, hata kaburi haliirefushi. Na nikiwa mkweli, nilichokifikiria ni mwanamke. Mtu anatoka Jumamosi kanyooshewa shati, gitaa begani, na gitaa halipigwi. Anakwenda wapi?

Dada hakukasirika. Aliukunja waya vizuri, akazirudisha hedfoni kwenye boksi lake lililobonyea. Nilimwangalia nikaelewa kwamba lile alilokuwa ameliweka kando kama tumaini la mwisho limetoka tupu, na bado uso ni uleule. Aliniuliza jambo moja tu.

"Siku ile ya studio nilimpigia pasi shati la samawati. Sasa lile shati lilikwenda naye wapi?"

Siku iliyofuata, alipotoka kazini, tulikwenda kwa kiongozi wa bendi. Wote wanamwita Kapteni. Kazi yake ya kila siku ni kutengeneza friji, kwenye banda lililojaa friji zilizofunguliwa milango, na moja nyuma yake inanguruma kwa majaribio. Alipomwona Dada alisimama, akafuta mikono, akamtafutia stuli.

"Karibu shemeji. Karibuni. Pole kwa siku nyingi, nimekuwa mzembe kuja."

"Asante. Nimekuja kukuuliza, shemeji. Kwenye ule wimbo, besi alipiga nani?"

Kapteni aliangalia friji, akaniangalia mimi, akaangalia chini. Nilidhani atadanganya, na nilikuwa tayari kumvaa. Hakudanganya.

"Yule kijana mwenye studio. Kwa kinanda."

"Mume wangu alikuwa wapi?"

"Alikuwepo. Alikuwepo siku nzima." Akakaa juu ya kreti. "Shemeji, mwenzetu vidole vilikuwa vimeanza kumkataa muda mrefu. Mkono huu wa kushoto. Alikuwa anasema vinakufa ganzi, havijui vilipo. Brashi ya rangi ilikuwa inamponyoka ngazini. Ndiyo maana akawa anafanya mazoezi vile kila jioni, alidhani akiulazimisha mkono utarudi. Tulipofika studio alijaribu. Akajaribu tena. Tulijaribu mpaka yule kijana akaanza kuangalia saa yake. Basi mwenyewe akasema, wekeni kinanda, muda unakwenda."

"Hakuniambia."

"Alituapisha. Alisema ukijua utamtoa kwenye ngazi za rangi, na mtakula nini. Alisema atajitafutia dawa polepole. Jumamosi alikuwa anakuja kama kawaida na gitaa lake, anatusaidia kufunga vyombo, anakaa nyuma ya spika mpaka tumalize. Hatukuweza kumfukuza, shemeji. Na hakuna aliyetaka."

Mimi ndiye niliyekuwa na maswali. Kwa nini hamkumpeleka hospitali kwa nguvu, ninyi ni rafiki wa aina gani, na yale madaktari waliyoyasema mwishoni kuhusu mishipa, kwamba ndiyo iliyomwua, si yangejulikana mapema? Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Dada aliniwekea mkono gotini, nikaufunga.

"Siku ile ya studio," alimwuliza Kapteni, "alikula?"

Kapteni hakuelewa. "Alikula?"

"Ndiyo. Alikula chochote?"

Akakumbuka, unaona mtu anakumbuka. "Tuliagiza chakula mchana. Alisema hana njaa. Jioni tulipomaliza tukaagiza tena kusherehekea, yeye alikuwa amekaa nje kwenye ngazi. Nilimpelekea sahani, akairudisha. Akasema amewekewa nyumbani."

"Nilimwekea," alisema Dada. "Nilimfunikia mezani. Alipofika akaniambia mmemshibisha, mmesherehekea, hana hata nafasi ya maji. Nikamtania, mtu mashuhuri huyo. Nikakila mimi mbele yake. Alikaa pale ananitazama ninavyokula, ananihadithia studio ilivyo nzuri."

 Ile friji iliyokuwa ikinguruma nyuma yetu ikajizima yenyewe, na banda likawa kimya.

"Alilala na njaa," alisema. "Mume wangu alilala na njaa, mimi nimelala ubavuni kwake nimeshiba chakula chake."

Hapo ndipo alipolia. Haikuwa kama nilivyotazamia, si kwikwi wala chozi la kufuta na upindo wa nguo. Alilia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, ameshika stuli kwa mikono yote miwili, na watu wa banda la pili wakatoka kuangalia nani amefiwa. Kapteni alisimama hajui aweke wapi mikono yake yenye grisi. Na mimi niliyekuwa nimejiandaa miezi yote ile, mwenye maneno, mwenye bega, nilipiga magoti kwenye mafuta ya friji nikamshika miguu, nikamwambia alie, alie, na sikuwa na kingine cha kumwambia.